Vilaza wa Mkondo C na chenji ya elfu mbili

Siku ya tatu tangu aripoti kwetu kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu wa Hisabati aliingia stafu, akashusha mzigo wa madaftari mezani kama mtu anayetua gunia la mkaa. "Madamu," akaniambia, "hawa wa C ni vilaza. Nimefundisha vipindi viwili mfululizo, nimeuliza swali moja tu, darasa zima kimya. Wengine wamelala."

Sikumkemea. Andalio lake la somo nilikuwa nimelisaini asubuhi ile, limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, na malengo mahususi yamepangika. Na neno lenyewe, kilaza, nami nimewahi kulitumia, tena kwa sauti, tena mbele ya wenyewe.

Ilikuwa mwaka 2007. Wanaokumbuka miaka ile wanajua ilivyokuwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004 nchi ikiwa na sekondari 1,300 hivi. Kufika 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Kila kata ilitakiwa iwe na yake. Wananchi walichangishwa mchanga, mawe na nguvu kazi, madarasa yakasimama. Tatizo likabaki kwa walimu, maana mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Ndipo tukakusanywa sisi tuliokuwa tumemaliza Kidato cha Sita, tukapigwa msasa kwa wiki chache, tukapewa leseni na barua ya kupangiwa kituo. Mtaani wakatuita "Voda fasta", kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu: mara moja linaingia, unapiga. Chuo nilikuja kusoma baadaye, nikiwa tayari nimeshaharibu vya kutosha.

Kituo changu kilikuwa sekondari ya kata moja wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, katikati ya michungwa na minazi. Nilikuwa na miaka 21. Nilipewa Hisabati Kidato cha Pili, Mkondo C, wanafunzi 72 ambao baadhi yao walinizidi urefu na wawili watatu walikaribia kunifikia umri. Mikondo ilikuwa imepangwa kwa alama: waliofanya vizuri A, wa kati B, waliobaki C. Walimu nao tulipangwa hivyo hivyo. Mwenye shahada na uzoefu alipewa A kwa sababu ndiyo itakayoleta jina zuri la shule, na mgeni asiyejua hata chaki inashikwaje akatupwa C. Mpango huu ungali hai katika shule nyingi, na kila nikiuona naona kichaa. Ni hospitali gani inayompeleka daktari bingwa kwa wagonjwa wa mafua na kumwachia mwanafunzi wa udaktari chumba cha mahututi?

Nilianza kwa nasaha. Kila kipindi nilikata dakika kumi za kuwahutubia. Niliwaeleza habari za maisha, ushindani na wazazi wao wanaoteseka kwa ajili yao. Nikisema "elimu ni...", wananimalizia kwa pamoja, "...ufunguo wa maisha!" kwa mwimbo ule ule wa paredi, huku macho yakiwa nje kwenye mwembe. Nasaha zilipokwisha nikahamia kwenye fimbo, iliyokuwa imesimamishwa nyuma ya mlango wa stafu kama fagio, ya yeyote anayeitaka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko havizidi vinne, mchapaji ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sikuzijua. Hakuna aliyenionyesha, wala sikuuliza.

Lakini kosa ninalolijutia zaidi halikuhitaji fimbo. Baada ya mtihani wa kati ya muhula wa kwanza niliingia darasani na karatasi zao, nikaamua kuzigawa kwa kuita majina nikianzia wa mwisho. Nilidhani aibu itawaamsha. Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana wa dawati la dirishani, mpole, mrefu, mwenye shati lililopauka mabegani. Alama 4 kati ya 100. Nilizitaja, kisha nikaongeza lile neno. Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, akaipokea karatasi kwa mikono miwili kama anavyopokea mtoto aliyelelewa, akarudi kuketi. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kwenye rejista nikaendelea kumwandika mtoro, na kusema kweli sikumtafuta.

Mkongwe wetu wa stafu, mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu, aliniuliza siku moja tukiwa tunakunywa chai ya rangi: "Binti yangu, yule mtoto wa dirishani ulimwuliza kwa nini anakosea. Umewahi kumwuliza anakosea nini?" Nikaona ni maneno ya wazee. Nikamwitikia kwa heshima, nikaendelea na chai yangu.

Mshahara wa kwanza ulikuja baada ya miezi minne. Siku hizo mwalimu wa kijijini anafuata pesa mjini, kwa hiyo mwezi Juni nilipanda basi la asubuhi kwenda Tanga. Anayeijua stendi ya Muheza msimu wa machungwa anaijua purukushani yake. Basi halijasimama sawasawa, mikono imeshajaa madirishani, mafungu ya machungwa yamefungwa kwenye nyavu, kila mmoja anapaza bei yake. Mama aliyekaa mbele yangu aliagiza mafungu matatu, fungu shilingi 150, akatoa noti ya elfu mbili. Dereva alikuwa ameshaingiza gia. Mkono ulipanda na machungwa, ukashuka, ukapanda tena na chenji: noti ya elfu, noti ya mia tano, sarafu ya hamsini. Basi lilikuwa linatembea na mwenye mkono anakimbia nalo. Nilipochungulia nikaona lile shati. Naye akaniona. "Shikamoo, Madamu!" akasema huku anakimbia, na basi likamwacha.

Elfu moja mia tano na hamsini. Sarafu haikuzidi wala kupungua, na aliipiga hesabu hiyo miguu ikiwa mbioni. Mimi mwenye leseni ya kufundisha Hisabati nilibaki naihakiki kwa vidole mapajani hadi tumefika Pongwe.

Niliporudi nilishuka Muheza, nikamtafuta. Nilimkuta anahesabu mauzo nyuma ya kibanda cha chipsi. Sikumwambia arudi shule. Nilitoa daftari langu, nikaandika 2000, chini yake 450, nikapiga mstari, nikamwomba anitolee. Alishika kalamu kama mtu aliyepewa nyoka. Akaandika: 2450.

"Ungempa yule mama chenji elfu mbili mia nne na hamsini?"

Akacheka, safari hii kicheko cha kweli. "Si ningekula hasara, Madamu! Kanipa elfu mbili, nimrudishie zaidi ya hela yake?"

"Sasa hapa umefanyaje?"

Akaniwekea kidole kwenye sifuri. "Hapa sifuri toa tano haiwezekani. Darasa la tatu walisema ukishindwa ukope kwa jirani. Nikaenda kwa jirani, naye ni sifuri. Asiye na kitu utamkopa nini? Basi nikageuza: tano toa sifuri, tano."

Nikamwuliza chenji ya basini aliipataje. "Ile naipandisha," akasema. "Mia nne na hamsini, ninaongeza hamsini inafika mia tano. Mia tano nyingine, elfu. Elfu nyingine, elfu mbili. Nilivyoongeza ndiyo chenji."

Kwa muda wote aliokuwa darasani kwangu nilikuwa nimemfundisha huyu kijana milinganyo, naye amekwama kwenye kukopa kwa sifuri tangu shule ya msingi. Amekwama kwa sababu yenye akili kabisa, ambayo hakuna mtu aliyeiuliza. Swali la mzee wetu wa Kiswahili lilinirudia pale pale, nyuma ya kibanda cha chipsi.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilikuja kugundua kwamba stendi ya Muheza ina ndugu zake duniani. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao juu ya watoto watano wachuuzi wa mjini Recife, Brazili. Waliwaendea kama wateja, wakawauliza hesabu za bidhaa wanazouza. Mmoja, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi, moja ikiwa 35. Alikwenda kwa mafungu ya nazi tatu tatu: 105, 210, 315, akamalizia na 35 ya mwisho, 350. Sokoni walipatia asilimia 98. Hesabu za namna hiyo hiyo zilipoandikwa kwa tarakimu tupu kama za shuleni, walishuka hadi asilimia 37. Mwaka 2025 timu ya watafiti wakiwemo wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Nobel ya mwaka 2019, ilichapisha matokeo ya namna hiyo kutoka masoko ya Kolkata na Delhi. Hao waliongeza kipande kinachopaswa kutukosesha usingizi sisi walimu: watoto wa shule wasiofanya biashara nao walizipata hesabu za vitabuni lakini wakababaika na za sokoni. Na hata lile kosa la kugeuza sifuri lilishawahi kuandikwa. Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walionyesha mwaka 1978 kwamba watoto wakikosea kutoa mara nyingi hawabahatishi. Wengi wana kanuni yao mbovu wanayoifuata kwa uaminifu mkubwa.

Kijana alirudi shuleni Julai. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka pamoja na michango juu yake (ada haikufutwa hadi Januari 2016), na machungwa ndiyo yaliyokuwa yakimlipia, kwa hiyo tulikubaliana siku za soko atachelewa. Mimi nikaanza kazi upya. Niliwapa Mkondo C wote jaribio la shule ya msingi, hesabu za kutoa, kugawanya na sehemu, karatasi bila majina, kila mtu na alama yake ya siri aijue mwenyewe. Nusu ya darasa walikuwa wamekatikia darasa la nne au la tano. Wengine walikuwa wazima kabisa kwenye hesabu, lakini walianguka mara swali lilipovaa sentensi.

Hapo kwenye sentensi pana jambo kubwa. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mwaka 1984 wataalamu wawili waliotumwa kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta walio wengi hawakiwezi kiasi cha kusomea masomo mengine. Baada ya kuyaona yote hayo, wakashauri Kiingereza kibaki. Kikabaki, na ukutani kwa shule yangu kulikuwa na kibao kinachokataza Kiswahili. Matokeo yake mwalimu akiuliza swali, darasa linakuwa kama msibani. Tunawaita wazito. Mtu anayehofia kosa la hesabu, kosa la lugha na kicheko cha wenzake kwa wakati mmoja, kinywa atakifungulia wapi?

Nilianzisha nusu saa baada ya vipindi, chini ya mwembe, nje ya mipaka ya kile kibao. Wakaiita Saa ya Machungwa. Mmoja anakuwa mchuuzi, mwingine abiria, wa tatu anaandika chini hesabu kama ilivyosemwa, ya kupandisha. Tukazoea. Kisha nikawaonyesha namna ya vitabuni pembeni ya ile yao, tukatafuta zinapokutana. Lile fumbo la kumkopa asiye na kitu tulilitatua kwa noti: huyu jirani wa kwanza hana, lakini mwenye nyumba kule mwisho ana elfu mbili nzima, mwambie aichenji moja. Namba hasi tulizisomea kwenye daftari la madeni la muuza duka. Kiingereza kiliingia mwisho, kama nguo ya kutokea: kitu tunakijua, sasa tunakipa jina la mtihani. Baada ya wiki tatu binti mmoja, ambaye tangu Januari sikuwa nimeisikia sauti yake, alinisahihisha ubaoni. Nilikuwa nimekosea kweli.

Sasa, kuhusu hamasa. Nilipoanza niliamini kwamba mwanafunzi huhamasika kwanza, kisha akaweza. Chini ya ule mwembe mambo yalikwenda kwa kurudi nyuma: aliweza kitu kidogo, akaona kimekubali, ndipo akaanza kuwahi. Tena nikaelewa usingizi wao. Anayelala mezani, anayefanya uchekeshaji, anayeomba ruhusa ya chooni kila kipindi, anayepiga chabo hata zoezi lisilo na alama, wote wana kazi moja ya kujistiri. Aliyeanguka bila kujaribu ana pa kujifichia, anaweza kusema hakusoma. Aliyejaribu akaanguka amebaki uchi. Ukimwambia huyo "jitahidi", unamwomba avue nguo mbele za watu. Ndiyo maana nasaha zangu hazikufua dafu.

Madaftari nayo yalinifundisha. Nilikuwa nikipiga mkasi na kuandika "Ongeza bidii", neno ambalo halijawahi kumsaidia binadamu kutoa 450 kwenye 2000. Nikabadilisha: pale alipopotea natia duara na kuandika swali moja. Hapa umekopa kwa nani? Hii sita imetoka wapi? Madaftari 72 hayasahihishiki hivyo kila siku, mwenye watoto nyumbani atanielewa, basi nilichukua 15 kwa zamu. Kitu cha ajabu ni kwamba wakaanza kunijibu kwa penseli pembeni. "Nimesahau Madamu." "Kwa hiyo ningeanza na mabano?" Mmoja aliandika: "Leo sikula, naomba niandike kesho."

Huyo wa mwisho asipite hivi hivi. Shule yetu haikuwa na chakula cha mchana. Wapo waliotembea saa nzima na nusu kuja na muda huo huo kurudi, na mabinti walikuta ndoo ya maji inawasubiri. Mmoja wa Saa ya Machungwa, hodari kuliko wote kwa sehemu, alipata ujauzito mwaka uliofuata akafukuzwa. Ruhusa ya kurudi shule ya kawaida baada ya kujifungua ilikuja Novemba 2021, yeye akiwa mama wa mtoto mwenye umri wa kuingia sekondari. Mwembe wangu haukumfaa kitu. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka na semina zinazomwambia mwalimu mpya kwamba akiwa na moyo tu, kila kitu kinawezekana.

Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa Keriko, sekondari ya kutwa kule Njoro nchini Kenya, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani na dola milioni moja, magazeti yalishika habari ya kugawa asilimia 80 ya mshahara wake. Yeye ni mtawa wa Kifransisko. Mimi nina ada za kulipa. Nilichokikata na kubandika ndani ya kabati langu ni habari nyingine, iliyoandikwa chini kabisa: yeye na wenzake wanne walikuwa wakiwafundisha wanafunzi dhaifu mmoja mmoja nje ya vipindi, na mwisho wa wiki anakwenda hadi majumbani kwao. Walimu watano na muda wa ziada, kitu ambacho hata shule isiyo na umeme inaweza kukipanga.

Kijana wa dirishani alimaliza Kidato cha Nne mwaka 2009. Daraja la Nne, Hisabati D. Wasomaji wa mjini wenye watoto shule za binafsi watatabasamu. Lakini Hisabati Kidato cha Nne kwa miaka mingi imekuwa ikipitisha kama mtu mmoja kati ya wanne au watano, na wengi waliokuwa Mkondo A mwaka ule walipata F. Leo ana kibanda chake pale pale stendi, anauza machungwa kwa jumla, na daftari lake la hesabu lina safu mbili. Nikipita ananiongezea mawili na kukataa hela.

Yote haya sikumsimulia yule mwanachuo. Nilijua angenisikiliza kwa adabu kama nilivyomsikiliza yule mzee. Nilichofanya ni kuchambua madaftari yake, nikamtolea ishirini ya Mkondo C, nikamwambia asitie alama yoyote. Atazame swali la tatu tu, kufungua mabano kwenye 2(x + 3), aniambie anaona nini.

Alikaa nayo kitambo. Akayapanga mafungu mawili mezani. "Madamu, hawa kumi na wanne wameandika kitu kile kile. 2x + 3." Akayapekua tena. "Wamenakiliana?"

"Wamekaa mbalimbali. Hebu lisome swali kwa sauti, kwa Kiswahili, kama ulivyolisoma darasani."

"Mbili mara x jumlisha tatu," akasoma. Akanyamaza. Akasoma tena polepole, safari hii akisikiliza: "Mbili mara x... jumlisha tatu." Mabano hayakusikika popote.

Akatazama saa ya ukutani, akaniuliza kama Mkondo C wana kipindi saa nane au wameshaondoka.